Maji ya Uzazi Yakipungua, Yakizidi au Yakivunjika Mapema: Majibu kwa Akina Mama wa Siakago

Swali ni lile lile, awe mwulizaji anatoka Siakago mjini, Kanyuambora au Ishiara: "Nimepigwa picha nikaambiwa maji ya mtoto ni kidogo. Ninywe nini yaongezeke?" La pili hulifuata kwa karibu: "Maji yamevunjika tangu jana, lakini uchungu haujaanza. Ningoje?"

La pili nalijibu kwanza kwa sababu halina subira. Usingoje. Nenda hospitali sasa, makala utaimaliza ukiwa kitandani wodini. La kwanza lina jibu refu kidogo, maana kabla ya kutafuta namna ya kuyaongeza maji, sharti pajulikane mahali yalikokwenda.

## Maji haya hutoka wapi

Kuanzia katikati ya mimba, sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto ni mkojo wake mwenyewe. Anayameza, anayakojoa, anayameza tena. Huo si uchafu. Ndivyo mapafu, figo na matumbo yake yanavyofanya mazoezi. Kufikia wiki ya 34 hivi, maji hukaribia lita moja, kisha hupungua taratibu hadi siku ya kuzaa.

Kwa hiyo maji yakiwa kidogo, daktari hujiuliza: chupa, yaani mfuko unaoshika maji hayo, inavuja? Kondo la nyuma limechoka, labda kwa sababu ya presha ya mama? Figo za mtoto zina shida? Au siku zimepita tu? Yakiwa mengi, maswali hugeuka: mtoto anashindwa kumeza? Mama ana sukari? Ni mapacha?

## Ukishika karatasi ya picha

Watu wengi huikunja karatasi na kuitia kwenye kijitabu cha kliniki bila kuisoma. Isome. Tafuta herufi AFI. Mpiga picha hugawanya tumbo sehemu nne, akapima kina cha maji katika kila sehemu, akajumlisha. Karatasi ikisema "AFI 4.2 cm, 33 weeks", maana yake ni kwamba maji ya mtoto huyo wa wiki 33 yako chini ya kiwango.

- Kati ya sentimita 5 na 24: kwa kawaida hakuna shida.
- Chini ya 5: ni kidogo.
- Kupita 24 au 25: yamezidi.
- Pengine hupimwa shimo moja tu lenye kina kuliko yote. Hapo chini ya 2 ni kidogo, na 8 kwenda juu ni mengi.

Namba hii hupanda na kushuka. Wapimaji wawili hawapati kitu kimoja, na hata mama yuleyule akipimwa asubuhi na jioni majibu yaweza kutofautiana. Ndiyo maana namba moja iliyo kando kidogo ya mstari haitoshi kukupeleka upasuaji, wala haitoshi kukurudisha nyumbani ukalale.

Kosa ninalolisikia sana ni hili: mama hupiga picha yake ya kwanza mwezi wa nane. Wakati huo picha haikadirii umri wa mimba vizuri, na kama hukumbuki siku ya hedhi ya mwisho, hakuna anayejua kama mtoto ana wiki 38 au 41. Shirika la Afya Duniani linashauri picha moja kabla ya wiki ya 24. Ukiwa na pesa za picha moja tu, ipige mapema, kisha itunze karatasi hiyo kama hati ya shamba.

## Umeambiwa maji ni kidogo

Fanya haya:

1. Uliza sababu. Mwambie daktari au sista, "Je, inaonekana chupa inavuja? Mtoto anakua kulingana na wiki zake? Figo na kibofu chake vimeonekana?" Maswali haya matatu yana uzito kuliko namba yenyewe.
2. Pima presha na mkojo siku hiyo hiyo. Ukiumwa kichwa kisichoachia, ukiona maruweruwe au ukivimba uso, sema kabla hujaulizwa.
3. Taja kila dawa unayokunywa, hata ile ya kununua dukani.
4. Uliza tarehe ya kurudi kupima tena, iandikwe kwenye kijitabu.
5. Mfuatilie mtoto anavyocheza. Kuanzia wiki ya 28 utakuwa umeijua desturi yake. Ukiona amepoa, lala kwa ubavu wa kushoto na uhesabu. Saa mbili zikipita bila yeye kucheza mara 10, nenda hospitali usiku huo huo.

Sasa lile la kunywa. Ndiyo, maji ya kunywa husaidia kiasi. Mama aliyekauka kwa jua la Mbeere, aliyeshinda shambani akipalilia ndengu kisha akabeba mtungi wa lita 20 mgongoni, akinywa lita mbili zaidi kipimo chake huweza kupanda. Kunywa basi. Lakini maji ya kunywa hayazibi chupa iliyotoboka, hayaponyi presha, wala hayaundi figo ambayo haikuumbika. Mama anayekunywa jagi baada ya jagi huku chupa inavuja anapoteza siku ambazo mtoto hana.

Kuhusu dawa nasisitiza, kwa sababu mgongo humuuma kila mjamzito na duka la dawa liko karibu kuliko zahanati. Ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa baada ya wiki ya 20 huweza kudhoofisha figo za mtoto, na maji yakapungua. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo rasmi juu ya hilo. Baadhi ya dawa za presha, kama enalaprili, nazo hazifai mimba, ila usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako. Rudi kliniki ubadilishiwe. Na kama daktari amekupa aspirini ndogo ya kuzuia presha ya mimba, hiyo endelea nayo. Kwa maumivu ya kawaida, parasetamo kwa kipimo chake inatosha.

Na muguka, majani yetu ya kutafuna? Najua ninamwandikia nani. Muguka umesomesha watoto wengi wa Mbeere, nami sirudii mabishano ya mwaka 2024, Mombasa na kaunti jirani zake zilipoupiga marufuku. Nasema juu ya mimba peke yake: muguka hupandisha presha na huua hamu ya chakula, na vyote viwili humnyima mtoto. Kuuchuma si kuutafuna. Chuma, uza, usitafune hadi ujifungue na umalize kunyonyesha.

## Maji yamezidi

Wengi hapa hawapatikani na sababu yoyote, hasa yakiwa yamezidi kidogo tu, na mtoto huzaliwa mzima. Hata hivyo omba kupimwa sukari. Omba picha ya mtu mwenye uzoefu aangalie kichwa, uti wa mgongo na tumbo la mtoto. Hakikisha kundi lako la damu na kipimo cha kaswende vimeandikwa.

Usidanganywe kwamba ukiacha kunywa maji tumbo litashuka. Halitashuka, utapata kizunguzungu na maambukizi ya mkojo tu.

Hatari yenyewe iko siku ya kuzaa. Maji mengi yakitoka kwa kishindo, kitovu huweza kutangulia mtoto, na baada ya kuzaa tumbo lililotanuka mno huchelewa kukaza, damu ikamwagika. Kwa hiyo mwenye maji mengi asizalie nyumbani wala kwenye zahanati isiyo na damu na chumba cha upasuaji.

## Maji yakivunjika kabla ya uchungu

Kwanza tazama saa. Iandike, hata kwa kalamu mkononi. Kila mtu atakayekuhudumia, na baadaye atakayemhudumia mtoto, ataanza na swali hilo. "Jana jana hivi" humfanya daktari akisie.

Kisha ujue kama ni maji au mkojo. Mwezi wa nane na wa tisa mtoto hukikalia kibofu, na mkojo huponyoka ukikohoa. Nenda msalani umalize, vaa pedi safi na kavu, ulale nusu saa, halafu usimame. Mkojo unanuka mkojo, na ukijizuia huzuilika. Maji ya uzazi hushuka ukiinuka, hayazuiliki, na harufu yake ni hafifu, kama ya utamu fulani. Pedi ikilowa, au ukibaki na shaka, nenda nayo hospitali. Usiitupe! Rangi yake ni nusu ya habari.

- Maji meupe au yenye utelezi wa pinki kidogo: nenda sasa, bila kukimbia.
- Kijani, manjano nzito au kahawia: mtoto amejisaidia ndani. Haraka.
- Damu nyingi: haraka kuliko zote.
- Yananuka, au una homa na tumbo linauma likiguswa: maambukizi yameshaanza.

Ukihisi kitu laini kama kamba kimeshuka ukeni, hicho huenda ni kitovu. Usikirudishe, usikivute. Piga magoti, weka viwiko na kichwa chini, makalio juu, ukae hivyo hadi gari lije. Garini lala kwa ubavu wa kushoto na leso zilizokunjwa chini ya nyonga. Hapo bodaboda haifai kabisa, maana kukaa wima kunakibana kitovu.

Usifanye haya:

- Usilale na mume.
- Usijioshe kwa ndani wala kutia pamba. Pedi ya nje tu.
- Usinywe miti shamba ya kuleta uchungu. Baadhi hukaza tumbo kwa nguvu mtoto asiyoiweza, wala hakuna mganga anayejua kipimo chake.
- Usikubali kila mtu akupime kwa vidole. Kila kidole kinaingiza vijidudu. Uliza kwa adabu, "Sista, si nilipimwa tu sasa hivi?"

Mama mkwe atasema mzaliwa wa kwanza huchelewa, na kwamba yeye alikaa siku mbili maji yakitoka na mtoto ni huyo baba wa nyumba hii. Ni kweli huwa hivyo, na mimba ikitimia wengi huanza uchungu wenyewe ndani ya saa 24. Lakini kungoja kwa mtu anayepimwa joto na kusikilizwa mapigo ya mtoto si sawa na kungoja jikoni. Chupa ndiyo ilikuwa mlango. Ukishafunguka, vijidudu vinapanda. Kufikia saa 18 hospitali nyingi huanza dawa za kumkinga mtoto. Mwitikie mama mkwe kwa heshima, umwombe akusindikize. Akija wodini mara nyingi hugeuka wakili wako.

"Watanirudisha nyumbani." Inawezekana. Ukirudishwa bila kupimwa joto, mapigo ya mtoto na kuangaliwa kama chupa imepasuka, omba kwa upole sababu iandikwe kwenye kijitabu. Ombi hilo peke yake mara nyingi humfanya mtu akuangalie tena.

Mwenye kutumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, asiziache nyumbani. Maji yakikaa wazi muda mrefu hatari ya kumwambukiza mtoto huongezeka kwa mama ambaye dawa hazijashusha virusi vyake. Mnong'oneze sista mara ufikapo.

## Watakufanyia nini wodini

Maji yakivunjika mimba ikiwa imefika wiki 37, kwa kawaida mama huanzishiwa uchungu. Kabla ya wiki 34, mara nyingi mama hulazwa, wahudumu wakijaribu kumpa mtoto muda: dawa ya kuzuia maambukizi, mara nyingi erithromaisini kwa siku 10, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Zile za deksamethasoni ni 4, kila baada ya saa 12. Usikimbie wodi baada ya sindano ya pili kwa kuwa unajisikia mzima. Yanayohitaji dawa ni mapafu ya mtoto, na sindano hizo ndizo zitakazompa pumzi akitangulia siku zake.

Kati ya 34 na 37 kuna kupima huku na huku. Uliza hatari za kila upande, kisha muamue pamoja.

## Panga safari kabla maji hayajapangua mipango

Ukiwa na shida ya maji, kituo chako cha kuzalia kisiwe cha kubahatisha. Ulizia hospitali ya Siakago mapema: daktari wa upasuaji yuko usiku? Wikendi je? Mtoto akizaliwa na wiki 32 atabaki hapa au atapelekwa Embu Level 5? Majibu hubadilika kulingana na wafanyakazi, kwa hiyo uliza mwezi unaozaa, si mwezi unaopata mimba.

- Dereva wa gari: namba mbili, si moja. Mmoja akiwa Nairobi, mwingine awe nyumbani.
- Mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba hujaza Thuci, Ena na vijito visivyo na majina. Ukiishi ng'ambo ya mto, sogea kwa ndugu aliye karibu na hospitali wiki chache kabla.
- SHA, bima ya afya ya umma: tangu Oktoba 2024 ilipochukua nafasi ya NHIF, Linda Mama tuliyoizoea, ile ya kuzaa bila malipo, haipo kama zamani. Jisajili kwa *147# na mhakikishe mchango umelipwa wakati bado unatembea. Usimwachie baba mtoto ahangaike na simu mlangoni pa leba.
- Mgomo: mwaka 2024 madaktari wa umma waligoma siku 56. Ijue hospitali ya misheni utakayokimbilia, kama Consolata ya Kyeni, na gharama zake.
- Mhamasishaji wa afya wa kijiji chenu awe na namba yako, nawe yake.

## Mtoto akishazaliwa

Hapa ndipo wengi hujisahau. Mama amejifungua, ndugu wamepiga vigelegele, kila mtu anataka kwenda nyumbani. Lakini shida ya maji hukomea kwa mama, na kwa mtoto huenda ndiyo inaanza.

Maji yalikaa wazi muda mrefu: mtoto aangaliwe angalau siku nzima kabla ya kuruhusiwa, hata kama ananyonya. Maambukizi ya kichanga hayapigi kelele. Huanza kwa mtoto kulala mno na kuacha titi.

Maji yalikuwa ya kijani: mtasikia wodini kwamba "mtoto amekunywa maji". Kila mtoto huyanywa maji. Shida ni choo kilichovutwa hadi mapafuni. Aliyelia vizuri na kupumua vizuri kwa kawaida hahitaji kuingizwa mrija wa kunyonya koo. Anayekoroma kama anayesukuma kitu, mbavu zikiingia ndani, anahitaji oksijeni na wodi ya watoto wachanga.

Maji yalikuwa kidogo kwa muda mrefu: uliza amekojoa ndani ya saa 24? Miguu na nyonga zimenyooka? Nyayo zilizopinda kwa kubanwa tumboni hurekebishwa kwa plasta zikianza katika wiki za kwanza; akifikisha mwaka mmoja kazi inakuwa ngumu. Kama maji yalipotea kabla ya wiki ya 24 hivi, mapafu huenda hayakukua, na wapo watoto ambao hakuna mashine ya kuwaokoa. Mkiambiwa hivyo, mwombe daktari akae chini awaeleze wazazi wote wawili, si kwa haraka mlangoni.

Maji yalikuwa mengi: kabla ya titi la kwanza, mkumbushe sista. Mtoto anayetoa povu mdomoni bila kuisha, akakohoa na kubadilika rangi akinyonya, asilazimishwe. Huenda njia ya chakula haijaungana, na hiyo ni kazi ya upasuaji. Na kama una sukari, sukari ya mtoto ipimwe ndani ya saa za mwanzo, maana hushuka ghafla.

Aliyezaliwa kabla ya siku zake hukaa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na leso imemfunga. Baba naye anaweza kumbeba hivyo. Maji ya glukosi, maji ya kienyeji na asali vikae mbali, hata shosho akisisitiza. Maziwa yako ya kwanza, yale ya manjano, ndiyo yake.

Nyumbani, rudi hospitali mara moja ukiona:

- hanyonyi kama jana, au amelegea;
- pumzi 60 au zaidi kwa dakika moja nzima, mbavu zikivutwa ndani;
- mwili wa moto, au wa baridi usiopata joto hata ukimkumbatia;
- degedege;
- manjano iliyofika viganjani na kwenye nyayo, au iliyoanza siku ya kwanza;
- kitovu chekundu kinachotoa usaha.

Na wewe mwenyewe: homa, majimaji yanayonuka, au damu inayolowesha pedi zaidi ya moja kwa saa si hali ya uzazi ya kuvumilia.

Kabla hujatoka wodini, soma karatasi ya kuruhusiwa. Iwe imeandikwa saa maji yalipovunjika, rangi yake, wiki za mimba, dawa ulizopewa wewe na alizopewa mtoto, na siku ya kurudi. Kikikosekana kimoja, mwombe sista akijaze hapo hapo mezani. Mtoto akipata homa siku ya tano, saa nane ya usiku, atakayempokea hatakuwa yule aliyekuzalisha.